Wana-Pwani Tusio na Pwani

Mkoa wa Pwani una kichekesho ambacho wenyeji wake wamekizoea hata hawakicheki tena: makao makuu yake, Kibaha, hayana bahari. Ukisimama Maili Moja utaiona Barabara ya Morogoro, malori yanayokwenda Tunduma na Rusumo, wauza korosho wanaokimbilia madirisha ya mabasi, lakini maji ya chumvi huyaoni upande wowote utakaogeukia. Kisarawe nako ni hivyo hivyo. Zamani wilaya hiyo ilifika ufukweni, kwa kuwa Mkuranga ilikuwa ndani yake. Ilipomegwa katika miaka ya 1990, Mkuranga iliondoka na mikoko na wavuvi wake, Kisarawe ikabaki na vilima, mikorosho na msitu wa Kazimzumbwi.

Kinachouma zaidi ni mto Ruvu. Unapita jirani na Mlandizi, unachotwa maji yanayonywewa Kibaha na Dar es Salaam, kisha unajikunja kwenda kaskazini mashariki na kumwaga baharini juu kidogo ya Bagamoyo. Maji ya kwetu yanafika baharini kila siku ya Mungu. Sisi wenyewe ndio hatufiki.

Wapo watu wazima wa Visiga kule Kibaha na Maneromango kule Kisarawe ambao mara ya mwisho kukanyaga mchanga wa bahari ilikuwa ni ziara ya shule ya msingi. Wengine hawajaukanyaga kabisa. Ukiwauliza watasema hali ngumu, na ni kweli hali ni ngumu, ila watu hao hao hupanda gari kwenda msibani Morogoro, harusini Tanga na mahafali ya watoto Dodoma, na hakuna anayehesabu nauli hiyo kuwa anasa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo yenye malipo kila mwaka. Muulize mwalimu wa Shirika la Elimu Kibaha, nesi wa Tumbi au karani wa halmashauri ya Kisarawe alizimalizaje za mwaka jana. Atakutajia mafundi waliomsumbua kwenye msingi wa nyumba, shamba la mihogo, mgonjwa aliyelazwa, mkopo uliomfanya ashinde ofisi za benki. Kupumzika hakutajwi. Kwetu sisi likizo ni kubadilisha kazi tu.

Nimeanza na hayo kwa sababu makala haya yanahusu kupumzika, jambo ambalo mzee wa kijijini akilisikia atauliza kama umeugua.

Kwa somo la kupumzika, tuanzie mbali kidogo. Watanzania wengi walioiona India ya kusini wameiona kwa barua ya rufaa. Wametua Chennai, Bengaluru au Hyderabad, wamekaa wiki kadhaa kwenye nyumba za kupanga karibu na hospitali, wamemsindikiza mama kwenye vipimo na kurudi na bahasha kubwa za picha za eksirei. Wachache walipata nafasi ya kuwatazama Wahindi wenyewe wakiwa mapumzikoni, nao husimulia jambo moja lililowashangaza: kule bahari na ibada havikuachana. Familia inakwenda ufukweni na hekaluni kwa safari moja, kwa nguo zile zile, mara nyingi kwa basi la kawaida.

Mfano mzuri ni Varkala, katika jimbo la Kerala. Kuna majabali mekundu yanayoning'inia juu ya bahari, chini yake ufukwe unaoitwa Papanasam, na nyuma kidogo hekalu la kale la Janardana. Asubuhi utawakuta watu wamekaa mchangani na makuhani wakiwaombea wazazi wao waliofariki, wali na maua mbele yao juu ya jani la mgomba. Hatua chache kutoka hapo kuna mtalii amejilaza juani, na pembeni kijana anapasua madafu. Hakuna anayemwona mwenzake kuwa kikwazo.

Upande wa pili wa rasi, kilomita zipatazo 60 kusini mwa Chennai, kuna Mahabalipuram. Pale wafalme wa ukoo wa Pallava walijenga hekalu la mawe magumu ya itale ukingoni mwa maji mwanzoni mwa karne ya 8, nalo bado limesimama, kingo zake zimelambwa na upepo wa chumvi hata sanamu zake zimepoteza nyuso. UNESCO ililiweka katika urithi wa dunia mwaka 1984 pamoja na majengo mengine ya mji huo. Wakazi wa Chennai hulifuata mwishoni mwa wiki: wanalitembelea, wanakula samaki wa kukaanga, watoto wanachezea mawimbi, jioni wanarudi mjini. Bahari yenyewe ni hii hii yetu. Desemba 26, 2004, tsunami iliyoipiga pwani hiyo ya Tamil Nadu ilivuka hadi Dar es Salaam na kuua watu waliokuwa wakiogelea sikukuu.

Sasa, mtu wa Kibaha akitaka raha ya namna hiyo hana haja ya pasipoti. Mji mkubwa kama Dar es Salaam, na mwendo wa saa moja na nusu au mbili kutoka hapo ufukwe mrefu, nyumba ya ibada ya kale jirani na maji, samaki wa kukaanga: hiyo ni Bagamoyo na magofu yake ya Kaole.

Na wala tusidhani kwamba kusafiri kwa ajili ya mahali patakatifu ni desturi ya Wahindi peke yao. Wazaramo wa zamani walipokosa mvua walitembea kwa miguu hadi pango la Kolelo katika milima ya Uluguru, wakabeba sadaka na kurudi na maagizo. Huo ni mwendo wa siku nyingi kutoka Kisarawe. Wajukuu wao leo wanalalamika kwamba Bagamoyo ni mbali.

Njia zenyewe ndizo hizi. Mwenye gari wa Kibaha apite TAMCO, pale palipokuwa kiwanda cha kuunganisha magari ya Scania, ashike Vikawe atokee Mapinga kwenye lami ya Bagamoyo. Wa Mlandizi ana barabara ya Makofia, fupi kwenye ramani, ndefu wakati wa masika, kwani kwa miaka mingi imekuwa ya vumbi na tope. Asiye na gari atashuka Mbezi, atafute daladala inayopita Goba kwenda Tegeta, aunganishe. Wa Kisarawe ndiye mwenye kibarua: ashuke Gongo la Mboto, avuke jiji lote hadi Makumbusho, ambako magari ya Bagamoyo hupakia abiria. Aondoke alfajiri. Akitoka saa tatu asubuhi, foleni itammaliza kabla hajaiona bahari.

Ushauri wangu ni kuanzia Kaole, na kuiacha bahari kwa ajili ya alasiri. Magofu yako kilomita zipatazo 5 kusini mwa mji, bajaji inafika mlangoni. Watu wengi hufanya kinyume, wanakimbilia maji kwanza, na wakifika Kaole wamechoka, wameungua na jua, watoto wanalia. Mahali kama pale panahitaji akili iliyotulia.

Ukiingia utakuta nyumba ndogo ya makumbusho, kisha njia inayokupeleka kwenye misikiti miwili na makaburi zaidi ya 20. Msikiti wa kwanza ni wa karne ya 13. Fikiria hapo: ulijengwa karne mbili hivi kabla Mreno hajaizunguka Rasi ya Tumaini Jema. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, na chokaa hiyo nayo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe. Mihrabu bado inaonekana wazi upande wa kaskazini, kwani kwa mtu wa pwani yetu kibla kiko kaskazini. Zipo ngazi zinazopanda na kuishia hewani. Muadhini alizipanda kwenda kuadhini, paa limeanguka na ngazi zimebaki. Mtaalamu wa mambo ya kale Neville Chittick alichimba hapa mwaka 1958, na kazi yake ndiyo iliyotupa umri wa majengo haya.

Makaburi ya nguzo ndiyo yaliyonifanya nikae kitako. Ni aina ya makaburi utakayoyakuta kuanzia pwani ya Somalia hadi kusini mwa Tanzania, na haipo kwingine: kaburi la mawe lenye nguzo ndefu kichwani, na kwenye nguzo kuna vishimo vya mviringo. Humo walipachika bakuli za kauri kutoka China. Bakuli zenyewe hazipo tena, ila alama zake ziko pale, zimeelekea baharini. Mtu aliyeagiza bakuli itoke China ili ikae juu ya kaburi lake hakuwa mtu wa kubahatisha maisha. Alikuwa na jahazi au na ubia kwenye jahazi, alijua bei za nguo za Gujarati na mbao za Malabari, na alipanga mwaka wake kwa kaskazi na kusi. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba na kuleta vyombo kutoka Bara Hindi na Uarabuni, kusi huvirudisha. Mwaka 1498 rubani aliyepatikana Malindi aliziongoza meli za Vasco da Gama hadi pwani ya Kalikuti, katika Kerala hii hii tuliyoitaja, kwa muda usiofika mwezi. Wareno waliona wamegundua njia. Mabaharia wa pande hizi mbili walikuwa wakiipita kwa mamia ya miaka.

Kuna kaburi ambalo wageni hawaliulizi na wenyeji hawalipiti bila kusimama, nalo ni la binti anayekumbukwa kwa jina la Sharifa. Watu bado wanakuja kuomba dua kwake, na mara nyingi utakuta sadaka ndogo imeachwa. Kwa sababu hiyo napata taabu na neno magofu. Mahali panapoombewa asubuhi ya leo hapajawa gofu bado. Anayekwenda avae nguo ya heshima, kina mama wawe na kanga au mtandio mkononi, na anayepiga picha aangalie kwanza kama kuna mtu amepiga magoti nyuma yake. Kule India mtu anavua viatu mlangoni mwa hekalu bila kuamrishwa. Sisi tunamwona kijana amekalia kaburi la nguzo akitafuta pembe nzuri ya simu yake na hatusemi kitu.

Mbuyu wa Kaole nao una mambo yake. Waongozaji wanasema una miaka mia tano, na kwamba ukiuzunguka umri wako unaongezeka. Nimewaona watu wazima wenye shahada wakizunguka, kwanza kwa mzaha, baadaye kwa bidii. Kuna kisima ambacho maji yake hayakauki, wenyeji wanayaita ya baraka, wageni wanachota ya kunawa uso. Sina ugomvi na yeyote katika hao. Mtu aliyetoka Maili Moja na uchovu wa mwaka mzima akiamini ameongezewa umri kwa kuuzunguka mti, na akarudi nyumbani anacheka, safari imelipa.

Bahari haionekani vizuri kutoka msikitini. Bandari ya Kaole ilijaa mchanga na matope, mikoko ikaota, maji yakasogea. Vyombo vilipokosa pa kutia nanga, biashara ilihamia Bagamoyo, na Kaole ikaanza kulala. Walioishi ukanda huu ni Washomvi, na masimulizi ya kale yanasema walipovamiwa na Wakamba waliomba msaada kwa kiongozi wa Wazaramo aliyeitwa Pazi. Wazaramo wakaja kutoka bara, wakawafukuza wavamizi, na Washomvi wakakubali kuwapa ushuru. Mzaramo wa Kisarawe asiingie Bagamoyo kwa unyonge, basi. Kwa hesabu za mababu, anakwenda mahali ambapo babu yake alikuwa akidai.

Mjini kwenyewe usitake kuona kila kitu. Bagamoyo ina majengo mengi ya kihistoria na mengine yanasikitisha, kuta zimepasuka, miti imeota madirishani, kibao cha maelezo kimefutika. Tanzania iliuweka mji huu mwaka 2006 kwenye orodha ya awali ya kuombewa hadhi ya urithi wa dunia, kwa kumbukumbu ya njia ya watumwa na pembe za ndovu, na mpaka leo bado unasubiri. Chagua sehemu mbili tatu, upumzike.

Mimi ningechagua misheni. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuja kutoka Zanzibar na kufungua kituo mwaka 1868, wakawakomboa watumwa kwa kuwanunua na kuwajengea kijiji. Unaingia kwa njia yenye miembe mikubwa pande zote mbili, na huo peke yake ni mapumziko. Upo mnara wa kanisa la kwanza, ambamo mwili wa David Livingstone ulilazwa Februari 1874 baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kutoka Zambia ya leo kwa zaidi ya kilomita 1,500. Hadithi hii kila siku husimuliwa kama ya Livingstone, lakini yeye wakati huo alikuwa mzigo. Safari ilikuwa ya wale walioubeba, na walipofika, wengi wao walilipwa na kuambiwa waende zao. Jirani kuna kanisa kubwa lililomalizika mwaka 1914, makumbusho yaliyopangwa vizuri, na mbuyu wenye kipande cha mnyororo kilichomezwa na gome. Inasimuliwa kwamba Madame Chevalier, muuguzi Mfaransa, alikuwa akifunga punda wake hapo, na mnyororo ukasahaulika.

Kwa Waislamu, Bagamoyo ina uzito mwingine ambao vitabu vya watalii huupitia juu juu. Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kama Sheikh Ramiya, aliletwa hapa kutoka Manyema akiwa mtoto mtumwa. Alisoma, akawa mwanachuoni, akaiongoza tarika ya Qadiriyya hata Bagamoyo ikawa mojawapo ya vituo vyake vikubwa katika nchi hii. Alifariki mwaka 1931. Mpaka leo wafuasi hukusanyika mjini kwa zikri ya mwaka, na wengi hutoka vijiji vya Kisarawe, Rufiji na Kibaha. Kumbe kuna wana-Pwani wanaokwenda Bagamoyo kila mwaka bila kuiita likizo.

Na India yenyewe unaikuta hapo hapo. Milango ya mbao iliyochongwa kwenye mtaa wa zamani wa maduka ilikuwa ya wafanyabiashara wa Kihindi, na tajiri wao mkubwa alikuwa Sewa Haji Paroo, aliyekopesha na kuwapatia vifaa wasafiri waliokwenda bara. Alitoa fedha kwa hospitali na shule za watu wa rangi zote. Jina lake liko kwenye jengo la wodi pale Muhimbili, na wagonjwa wanalitaja kila siku bila kujua lilitoka mtaa gani.

Tukija kwenye bahari, niseme ukweli ambao matangazo hayasemi. Maji ya Bagamoyo si ya buluu kama ya Nungwi. Ruvu inashusha tope, na baada ya mvua bahari inageuka rangi ya chai ya maziwa. Anayetaka picha ya kalenda atavunjika moyo. Lakini ufukwe ni mpana, mchanga ni laini, na maji yakipwa unaweza kutembea mbali sana ukiwaacha watoto wakikimbiza kaa. Muhimu ni kuuliza maji. Bamvua linapotoa maji wakati wa mchana, aliyekuja kuogelea atabaki anatazama matope, na aliyekuja kutembea atafurahi. Mvuvi yeyote pale forodhani atakwambia maji yanajaa saa ngapi. Msalimie kwanza, mwite baba au kaka, asubuhi hana haraka. Jioni usitembee peke yako sehemu zisizo na watu.

Samaki wanauzwa kwa mnada sokoni ufukweni, na pembeni wanakaanga pale pale: changu, pweza, dagaa, na mihogo. Mtu wa Kisarawe atacheka akiona mihogo inauzwa ghali kuliko kwao. Mwenye uwezo zipo hoteli zenye bustani na bwawa la kuogelea, asiye na uwezo zipo nyumba za wageni za bei ya kawaida ambazo zina kitanda, chandarua na feni, na bahari ni ile ile kwa wote. Msimu wa tamasha la Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambalo kwa desturi huwa katika nusu ya pili ya mwaka, mji hujaa ngoma na sarakasi. Ni raha, ila si utulivu. Idi na Krismasi usiende, labda kama unapenda spika zinazoshindana.

Lala usiku mmoja. Nalisisitiza hilo kwa sababu wengi wetu huenda asubuhi na kurudi jioni, na mapumziko ya namna hiyo hugeuka mbio. Faida ya bahari inapatikana saa kumi na mbili asubuhi, ngalawa zinapoingia na mashua zinashusha tanga, wewe huna mahali pa kuwahi, simu umeiacha chumbani. Kwa wenye imani, alfajiri hiyo ina adhana kutoka misikiti ya mjini, na Jumapili kengele ya misheni. Hakuna hoteli inayoweza kukuuzia hilo.

Wa Kisarawe wakati wa kurudi asiifumbie macho mali yake mwenyewe. Pugu, mpakani kabisa na wilaya yake, pana Kituo cha Hija cha Wakatoliki, na historia yake ni ya damu: misheni ya Wabenediktini ilivamiwa Januari 1889, wakati wa vita ya Abushiri dhidi ya Wajerumani, watawa watatu wakauawa. Mwalimu Nyerere alifundisha shule ya Pugu hadi alipoacha kazi mwaka 1955. Mbele kidogo ni Minaki, ambako Waanglikana wa UMCA walihamishia chuo chao kutoka Zanzibar mwaka 1925. Halafu upo msitu wenyewe, Pugu na Kazimzumbwi, hekta zipatazo 7,000, mabaki ya misitu ya pwani iliyokuwapo kabla ya miji yetu. Usiku anatoka komba wa Rondo, mmoja wa komba wadogo kabisa duniani, anayepatikana Tanzania tu na katika misitu ya kuhesabika. Kuna mapango ya popo, bwawa la Minaki, na vilima ambavyo usiku unaziona taa za Dar es Salaam zimetapakaa chini. Watu wa jijini wameanza kuja na mahema. Wenyeji wanaujua msitu huo zaidi kwa mkaa.

Nikiitazama ramani naona jambo ambalo si gumu kulitenda. Msitu wa Pugu Kazimzumbwi na magofu ya Kaole vyote viko chini ya mlinzi mmoja, Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, uliokabidhiwa pia baadhi ya vituo vya malikale. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo, mara nyingi chini ya bei ya soda chache. Kinachokosekana ni usafiri na mwaliko. Filamu ya The Royal Tour, iliyozinduliwa mwaka 2022 na ambayo baadhi ya picha zake zilipigwa Bagamoyo, iliwaita wageni wa ng'ambo, na ni vyema. Mwalimu wa Mlandizi, mkulima wa Maneromango na mama muuza korosho wa Maili Moja bado hawajaitwa na mtu.

TFS watoe tiketi moja ya mwisho wa wiki kwa Kaole na Kazimzumbwi. Wakala wa Barabara, TANROADS, wamalize lami ya Mlandizi hadi Makofia na ile ya Vikawe. Na halmashauri za Kibaha na Kisarawe, badala ya kungojea mwekezaji, zianze na basi moja moja tu kila Jumamosi: moja liondoke Maili Moja na jingine bomani Kisarawe saa kumi na mbili asubuhi, yarudi Jumapili alasiri. Abiria wapo.